Florentina, Dada Yake, na Mtungi wa Gesi

Florentina Conesa alipiga pasi shuka za hospitali kwa miaka arobaini na mitano, na mpaka leo ukimpa kitambaa chochote, hata cha kufutia meza, atakurudishia kimekunjwa pembe kwa pembe kama barua. Aliingia chumba cha kufulia akiwa na miaka kumi na mitano, akatoka akiwa na sitini, mikono imekomaa, mgongo umenyooka, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Nikiacha mlango wa saluni wazi, namsikia akisalimia watu tangu kwenye kona ya duka la mikate.

Mimi naitwa Engracia. Saluni yangu iko chini ya jengo lao, mtaa wa Santa Lucía, hapa Cartagena, Hispania. Familia ya Conesa ilihamia ghorofa ya pili kabla mimi sijazaliwa, na nywele za Florentina nimezishika tangu zikiwa nyeusi tii. Hakuolewa. Aliwahi kuchumbiwa na koplo wa jeshi la majini aliyetoka Ferrol. Koplo akahamishwa, akaandika barua mbili, ya tatu haikufika. Siku moja nilimuuliza kama alilia.

"Nililia Jumamosi na Jumapili," akasema. "Jumatatu nilikuwa na zamu."

Raha yake kubwa ilikuwa jioni ya tarehe tano Januari, Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi, wanapoingia mjini kwa maandamano ya magari. Kwa miaka ishirini na miwili Florentina alipanda gari la mfalme Melkiori, akiwa amevaa kama mtumishi wa ikulu: kofia ya mahameli, joho la kijani alilolishona mwenyewe, uso umepakwa rangi ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa kurushia watu pipi. Wenzake walikuwa wanarusha. Yeye alikuwa anafyatua. Mkono ule wa kunyanyua shuka mbichi ulipeleka pipi mpaka roshani za ghorofa ya tatu. Watu wa upande wake wa barabara walikuja na miavuli, wakaifungua na kuigeuza juu chini ili wakinge, na wenye miwani waliivua mapema. "Melkiori anakuja, jifunikeni!" walipiga kelele, naye akacheka mpaka rangi ikapasuka mashavuni.

Krismasi ya mwaka 1998 mama yao, Mama Práxedes, alikuwa kitandani. Moyo ulikuwa umechoka. Florentina aliishi naye. Dada yake mkubwa, Caridad, alikuwa ameolewa na Ginés, mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya meli, wakakaa nyumba ya mlango unaotazamana na ule wa mama. Ilipofika tarehe tano, Florentina alisita. Joho lilikuwa limeshapigwa pasi. Akamuuliza dada yake aende au asiende. Hapo ndipo hadithi inagawanyika. Florentina anasema Caridad alimwambia, "Nenda, mimi nipo." Caridad anasema alimwambia, "Fanya utakavyo." Mimi sikuwepo, na Ginés, ambaye alikuwepo, amekataa kutoa ushahidi mpaka leo.

Mama Práxedes alifariki saa moja jioni, ngoma za maandamano zikisikika kutoka barabara kuu. Florentina alirudi saa tatu na joho lake, mifuko ikiwa bado na pipi. Akapiga magoti, akambusu mama yake kwenye paji la uso, na rangi ya dhahabu ikabaki pale. Caridad akachukua kitambaa, akaifuta.

"Usimpake uchafu wako mama," alisema.

"Na wewe ulishindwa kutuma mtu aniite? Hatua mia mbili!"

"Aliyekuwa na haja ya kuwepo angekuwepo."

Wakasemeshana mengine ambayo jengo zima liliyasikia na ambayo sitayarudia. Baada ya mazishi hawakusemezana tena.

Kila kitu cha mama kiligawanywa na Ginés, maskini, aliyekuwa akivuka kutoka mlango huu kwenda mlango ule kama balozi. Mpaka sanamu za pango la Noeli ziligawanywa, zile za udongo ambazo Mama Práxedes alizinunua moja moja tangu alipoolewa. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake seti nzima, basi Ginés akazipanga mezani, akaita dada mmoja achague, kisha mwingine, kama manahodha wanavyochagua timu ya mpira. Florentina akatoka na Yosefu, mtoto Yesu, ng'ombe na wafalme wawili. Caridad akatoka na Maria, punda, mfalme mmoja, wachungaji wote na mwanamke anayefua mtoni.

Na hivyo ndivyo walivyopanga kila Desemba. Kwa Florentina, Yosefu alikaa peke yake anamtazama mtoto, kama mgane anayengoja maziwa yachemke. Kwa Caridad, Maria alikuwa amepiga magoti mbele ya majani matupu. Wateja wangu waliopanda kuwatakia heri walishuka wakiziba midomo. "Yosefu kashinda kesi ya kulea mtoto," walisema. Hakuna kati ya dada wale aliyekubali kununua sanamu iliyopungua. Kununua kungekuwa kukiri kwamba kuna kilichopungua.

Kununiana na jirani wa mlango unaokutazama ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Kabla ya kutoka, kila mmoja alisikiliza kwanza ngazini. Kamba za kuanikia nguo za uani wanazichangia, kwa hiyo Florentina alianika Jumanne na Ijumaa, Caridad siku zilizobaki. Ujumbe ulipitia kwangu. "Engracia, mwambie yule bibi bomba lake linavuja." "Engracia, mwambie yule mwanamke wa mbele redio yake inasikika mpaka Oran, ng'ambo ya bahari." Kila tarehe tano Januari Caridad alienda makaburini saa nne asubuhi, Florentina saa sita. Maua ya dada yake akiyakuta yamelala, Florentina aliyanyoosha, kisha akaweka yake pembeni. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sikulisema kwa mtu. Maandamano hakupanda tena. Joho sijui alilipeleka wapi.

Sasa nifike kwenye mtungi.

Mwaka 2017 mkesha wa Krismasi uliangukia Jumapili. Nilifungua saluni, maana hakuna mwanamke wa Santa Lucía anayekula mkesha na nywele za jana. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, nina watu wawili chini ya mashine, mara Caridad akaingia na aproni, viatu vya ndani, na nyama ya kusaga mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Engracia, nimekufa."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Gesi imeisha. Bata mzinga yuko sufuriani, hata hajachemka vizuri, na mtungi wa akiba huyu mume wangu alisema umejaa. Umejaa hewa!"

Ginés alikuwa nyuma yake, anatazama sakafu.

"Nilipoutikisa ulikuwa na sauti," alisema.

"Sauti! Kichwa chako nacho kina sauti."

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini mwanawe Antolín, anayefanya kazi Gijón, kaskazini kabisa, alikuwa anakuja usiku ule na mkewe, na kwa mara ya kwanza wazazi wa mkewe walikuwa wanakuja pia. Caridad alikuwa ameitangaza supu yake ya bata mzinga na madonge ya nyama kwenye simu kwa miezi miwili. Krismasi hapa kwetu bila supu ya madonge ni Jumatatu tu. Wakala wa gesi alikuwa amefunga, kesho sikukuu, gari lingepita Jumanne. Jengo letu watu wamehamia majiko ya umeme. Langu lina sahani mbili ndogo za moto, na lile sufuria la Caridad, ambalo Ginés alilichomelea masikio mapya karakanani, halingekaa hata kwenye moja. Ghorofani mtungi ulikuwa umebaki mmoja tu, na sote tulijua kwa nani.

"Usinitazame hivyo," Caridad akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Unawaza kwa sauti. Basi panda wewe, umwambie. Muombe mtungi tu. Sufuria libaki kwangu."

Nikawaacha wateja wangu na magazeti, nikapanda. Florentina alifungua kabla sijabisha mara ya pili. Hapo nikajua alikuwa nyuma ya mlango.

"Nimesikia," akasema. "Mtaa mzima umesikia. Mtungi sitoi."

"Dada Florentina, ni mkesha wa Krismasi."

"Mtungi sitoi kwa sababu kichwa cha kufungulia kimekwama tangu Oktoba, ukikilazimisha kinavuja. Anayetaka moto aufuate ulipo. Na aje mwenyewe, asinitumie wewe. Wewe una kazi zako, kuna mtu pale chini anaungua."

Nikashuka, nikamwokoa yule mteja, nikatoa ujumbe. Caridad alisimama katikati ya saluni. Nyama ilikuwa inaanza kukauka vidoleni. Wateja wote waliacha kugeuza kurasa.

"Alisema hivyo? Nije mwenyewe?"

"Hivyo hivyo."

"Ginés," akasema, "beba sufuria."

Tulipanda watatu, tukachukua vitu jikoni kwa Caridad. Ginés alikuwa mbele, amekumbatia sufuria la lita ishirini kama mtu anayecheza dansi na bibi mnene. Mimi nilishika kifuniko, Caridad alibeba beseni la nyama. Kutoka mlango wake mpaka wa Florentina ni hatua nne. Miaka kumi na tisa kasoro siku kumi na mbili hakuwa amezipiga. Alipofika kizingitini akasimama, akafuta viatu vyake vya ndani kwenye mkeka, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka Ginés akalalamika kwamba mikono inakatika.

"Ingieni," akasema Florentina, akitazama sufuria, si watu. "Jiko la nyuma lina moto mkubwa."

Ginés alilitua, akasema ana kitu cha kufanya uani, akatoroka. Mimi nilitaka kutoroka pia, lakini jiko la Florentina ni jembamba, Caridad alikuwa kasimama mlangoni na beseni lake, na hakuna aliyenipisha. Basi nikabaki nimebanwa kwenye jokofu.

Supu ikaanza kuchemka. Florentina akakata kotimiri. Caridad akavunja mayai kwenye nyama, akaongeza chenga za mkate, akakwangua ganda la ndimu. Kisha akaanza kutafuta kitu kwa macho.

"Mbegu za msonobari ziko kopo la bluu," akasema Florentina. "Pale mama alipokuwa anaziweka."

"Najua alipokuwa anaziweka."

"Basi ya nini kuuliza?"

"Sijauliza."

"Macho yameuliza."

Caridad akachukua kopo, akamimina. Florentina akachungulia.

"Nyingi."

"Mama alitia nyingi."

"Mama alitia kiganja kimoja. Wewe umetia za mazishi."

Neno lilimtoka tu, nadhani. Mimi nikasoma karatasi ya kalenda iliyobandikwa jokofuni, nikaisoma yote, mpaka majina ya watakatifu.

Caridad ndiye aliyeanza. Mikono yake ilikuwa ndani ya nyama, anakanda, na alizungumza akilitazama beseni.

"Ile siku mama alikuulizia."

"Siku gani?"

"Unaijua. Ngoma zilipoanza kusikika alifungua macho. Akaniuliza, Floro yuko gari la ngapi? Nikamwambia la pili, la Melkiori. Nikasema, mama, nimtume Ginés akamwite? Ginés alikuwa ameshavaa koti." Akakanda kidogo. "Akasema, hapana. Mwacheni amalizie pipi zake. Nitamsubiri."

Florentina alikuwa ameshika kisu juu ya kotimiri. Hakukata wala hakukiweka.

"Akasema atanisubiri."

"Hivyo. Nitamsubiri. Halafu akafunga macho, na nilidhani amelala."

"Na hukuniambia. Miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Floro? Kwamba mama alikusubiri akashindwa? Uliingia pale umeng'aa dhahabu, unanukia pipi. Kwanza nilikuwa na hasira, sikutaka kukuambia. Hasira ilipoisha nikaona ni afadhali unichukie mimi kuliko kulijua hilo."

Florentina akaweka kisu. Akachukua chujio, ambalo lilikuwa safi kabisa, akalipeleka kwenye sinki, akaliosha. Akaliosha mara ya pili. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na maji yalikuwa yanamrukia kwenye mikono ya sweta. Nikapeleka mkono kumshika. Caridad akanitikisia kichwa, nikaurudisha. Alipofunga bomba, Florentina alijifuta uso kwa kitambaa cha sahani, akakikunja pembe kwa pembe, akageuka.

"Madonge yako ni makubwa mno," akasema. "Hao watu wa Gijón watadhani tunawapiga mizinga. Sogea."

Akaingiza mikono kwenye beseni pamoja na ya dada yake. Nikapenya katikati yao, nikatoka. Ngazini nilikaa chini, nikalia kama mjinga, na nilipofika saluni wateja walinikabili kama askari wa forodha. Niliwaambia supu inakwenda vizuri.

Krismasi Florentina alikula kwa dada yake. Viti vilikuwa havitoshi, kwa hiyo alivuka zile hatua nne akiwa amebeba cha kwake kichwani. Antolín, ambaye aliachana na mama yake mdogo akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alimkumbatia kiti kikiwa bado hakijatuliwa. Yule bwana wa Gijón, baba mkwe wa Antolín, alikula madonge saba, na alipoambiwa kwa adabu kwamba kuna nyama inafuata, alifungua mkanda wa suruali mbele ya watu. Wakanywa pombe ya anisi, wakala keki ndogo za lozi, wakaimba. Mimi niliwasikia kupitia dari.

Jumanne gari la gesi lilipita, na siku hiyo hiyo waliamua kuunganisha pango. Walinialika nikashuhudie. Walipowaweka Yosefu na Maria bega kwa bega, tuliangua kicheko wote watatu. Caridad alikuwa anampanga Maria dirishani kila mwaka, na jua lilikuwa limemla mpaka joho la bluu limekuwa jeupe. Yosefu alikaa jikoni kwa Florentina, moshi wa kukaangia ukamfanya mweusi kama fundi magari.

"Wanaonekana kama watu waliokutana kituo cha basi," akasema Caridad.

"Mpe Yosefu muda," akasema Florentina. "Naye alikuwa na shida zake."

Usiku wa mwisho wa mwaka walibishana kuhusu zabibu kumi na mbili tunazokula saa sita usiku, moja kwa kila mlio wa saa. Caridad anazimenya maganda na kutoa mbegu kabla ya saa kupiga mara kumi na mbili. Florentina anasema huko ni kudanganya, mwaka utakujia ukiwa umemenywa. Tarehe tano walikwenda makaburini kwa basi moja. Walibishana pia kuhusu saa ya kwenda, wakakubaliana saa tano, ambayo haikumfaa yeyote. Huko sikwenda, kwa hiyo sijui walisema nini. Najua tu kwamba waliporudi walikuwa wamepitiliza vituo viwili wakiongea, ikabidi warudi kwa miguu, na kwamba jioni walishuka wote barabara kuu na viti vya kukunja. Kamati ya mtaa ilikuwa imemwita Florentina apande gari, akakataa.

"Mwaka huu nakaa chini," aliwaambia. "Nataka nione pipi zinavyouma."

Siku chache baada ya sikukuu alikuja saluni kutiwa rangi. Nilikuwa nimeshampaka nusu ya kichwa, mara tukasikia mlio mzito kutoka juu: ngo, ngo, ngo. Florentina akafumba macho.

"Ni yeye. Anagonga ukutani kwa mwiko. Nisipoitikia anadhani nimeanguka, nikiitikia anakuja kunionyesha dawa zake. Engracia, miaka kumi na tisa nilikuwa nalala mchana kama mtoto. Tangu tupatane sijapata usingizi."

"Mwambie basi aache kugonga."

Alinitazama kwenye kioo kana kwamba nimemtukana.

"Aache? Ana miaka sabini na moja, shinikizo la damu, na Ginés haitiki hata ukimpigia tarumbeta. Aache kugonga, nitajuaje?"

Ngo, ngo, ngo, ikaja tena, kwa nguvu zaidi.

"Rangi itakauka vibaya," nikamwambia. "Bado dakika ishirini."

Alikuwa ameshasimama. Alipanda ngazi na kitambaa changu mabegani, nusu ya kichwa ikiwa nyeupe na nusu imelowa rangi, akipaza sauti ile ya chumba cha kufulia: "Nakuja, we mwanamke! Nakuja! Utabomoa jengo!"